Saa ya Kuzamia

Nina saa moja. Usicheke, msomaji, sisemi majira. Nasema nina saa ya mkononi, moja tu, na ya pili siitafuti. Ni Omega Seamaster ya uso wa buluu wenye mawimbi, toleo lililoanza kutoka mwaka 1993. Ni saa ya wapiga mbizi, na mimi hata kuogelea sijui.

Alinipa mjomba. Mjomba alizamia. Kwa vijana wa Dar wa enzi zake neno hilo halikuhitaji maelezo: unapenya bandarini usiku, unajificha melini, na Mungu akipenda unaibukia Ugiriki. Asipopenda, unatoswa. Yeye alibahatika, baadaye akapata ubaharia wa halali, na mishahara ya miezi kadhaa ikaishia kwenye hiki kipande cha chuma. Kwa hiyo washikaji wakiniuliza ni saa gani hiyo, nikajibu "ya kuzamia", wanaangua kicheko wakidhani nautania ukoo.

Wengi wameshaamua ni feki. Siwabishii, ndani ya daladala, feki ni usalama.

Mama ana hoja nzito zaidi. Anasema niiuze ninunue bodaboda, na chenji itabaki. Ni kweli, na kuna mwisho wa mwezi ambao hoja hiyo hunikosesha usingizi. Basi walau, anasema, ifungie kabatini. Lakini saa hii haifungiwi. Haina betri. Ndani mna chuma cha nusu duara kinachozunguka kila unapopunga mkono, nacho hukaza springi. Ikishiba inakwenda saa 44. Ivue Ijumaa jioni, Jumapili alasiri utaikuta imesimama. Ile aliyovaa Pierce Brosnan kwenye filamu ya GoldenEye, 1995, ilikuwa ya betri. Ya mjomba inakula mkono wa mwenye nayo.

Ninachokihusudu hasa ni pete ya nje, yenye alama za dakika 60. Mzamiaji (wa mitungi ya hewa, siyo wa melini) huitegesha kwenye mshale wa dakika anapozama, ajue amekaa chini muda gani. Inageuka upande mmoja tu, kinyume cha mishale. Ikigonga jiwe ikasogea, itamwambia muda mwingi umepita, atoke mapema. Kumwambia bado ana muda wakati hana, haiwezi. Aliyebuni kitu hicho aliwajua binadamu! Mimi huitegesha ninapokaa kuandika. Dakika 60, bila kuinuka.

Usoni imeandikwa mita 300, ila fundi saa aliniambia mipira ya kuzuia maji huzeeka kama tairi. Isipobadilishwa na kupimwa, hata ndoo ya kuogea ni bahati nasibu. Basi kuoga naivua.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonizuia kuiuza. Melini saa zilisogezwa mbele na nyuma kila walikokwenda, lakini mjomba yake hakuigusa. Uso wake hauna namba, ni nukta na vijiti tu, akaitegea Kiswahili: pembetatu ya juu ni saa kumi na mbili, siyo saa sita. Tarehe nayo ikawa inageuka magharibi badala ya usiku wa manane. Ndivyo wazee wa pwani wanavyohesabu: usiku kwanza, mchana wake ndio unafuata. Jamaa akiichungulia daladalani ananihurumia, "Kaka, saa yako imekufa." Na mimi sijaibadilisha.

Siku hizi mjomba yuko Temeke, macho yameingia ukungu, mishale haioni. Nikienda ananyoosha mkono kabla sijakaa. Anaishika, anaipeleka sikioni. Haisemi tik-tak, inapiga mara nane kwa sekunde, mfululizo, kama mchwa kwenye mbao. Anasikiliza weee, chai inapoa. Kisha anauliza, "Tarehe imeshageuka?"

Namwambia, "Bado, mjomba. Jua lipo."