Kigoda kisichouzwa cha Kisaju

Msomaji mpenzi, iwapo watoto watakulilia Jumapili moja kwamba wamechoka kukaa nyumbani, usikimbilie kuwapeleka mjini kula chipsi. Wapandishe matatu ya Kitengela, kisha mwendelee hadi Kisaju.

Njia yenyewe si ngumu. Utatoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa hadi Athi River, halafu utashika barabara ya Namanga. Ukishaipita Kitengela na makelele yake, majengo yataanza kupungua na upepo kuongezeka. Kabla hujafika Isinya, teremka. Hapo umefika.

Hii ni nchi ya Wamaasai wa Kaputiei. Zamani nyumbu na punda milia wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, walizagaa katika nyanda hizi wakifuata malisho. Kisha ardhi ya jumuiya ikagawanywa, ua ukapakana na ua, na siku hizi wanaoteremka huku kwa wingi ni watu wenye hati za ploti.

Usiende na tamaa ya kuona maduka ya vinyago. Kilichonipeleka mimi ni mafundi wa Jumapili. Hawa si maseremala wa kazi. Yupo mwalimu, yupo karani, yupo dereva wa lori. Katikati ya wiki kila mmoja yuko kwenye kibarua chake, lakini siku ya mapumziko hushika randa na msumeno. Jioni hukutana chini ya mgunga, kila mtu na kitu anachojivunia, nao wenzake hukikagua bila huruma.

Siku niliyofika, mwalimu alileta kabati la vitabu aliloliunda kwa mbao za paleti kuukuu kutoka viwandani Athi River. Kung'oa misumari peke yake kulimla Jumapili mbili. Mlango wake haufungi sawasawa, na wenzake hawakuacha kumkumbusha. "Wanafunzi wangu wakipata kosa kama hili, nawapa nusu ya alama," alikiri mwenyewe, tukacheka.

Kijana mmoja alikuja na rungu, ambalo Wamaasai huliita orinka. Alinionyesha jinsi kichwa kinavyotoka kwenye kifundo cha mti, palipo pagumu zaidi, nao mpini ukatoka kwenye sehemu iliyonyooka. Kwa hiyo fundi haungi kitu. Huondoa tu kwa sime kisichotakiwa. Mti wake ulikuwa oloirien, yaani mzeituni wa mwituni, ambao kijiti chake cha moto akina mama hutumia kufukizia vibuyu vya maziwa. Usilidharau rungu, msomaji. Olaiguenani, msemaji wa rika, hujulikana kwa rungu lake jeusi, naye Rais Moi alitembea na lake katika miaka yote 24 ya utawala wake.

Mwisho zamu ikamfikia karani mmoja, mzaliwa wa hapo hapo Kisaju, anayefanya kazi Nairobi. Aliweka chini kigoda cha mbao za saiprasi. Kilikuwa na miguu minne, mmoja mfupi. Alipokigusa kiliyumba kama mlevi. Watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Kisha akatueleza kwa nini hicho ndicho anachojivunia kuliko meza zote alizowahi kutengeneza.

Baba yake anacho kigoda cha jadi, olorika, kilichochongwa kutoka pande moja la mti. Ndicho alichokalia akinyolewa nywele na mkewe katika Olng'esherr, sherehe ya kumwingiza mwanamume katika uzee. (Sherehe hiyo ni miongoni mwa tatu za Wamaasai ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2018 kuwa zinahitaji kuhifadhiwa kwa haraka.) Kigoda hicho huwa mwandani wa mzee mpaka kivunjike. Mzee akitangulia mbele ya haki kabla hakijavunjika, kifungua mimba wake hukirithi.

Na karani huyu ndiye kifungua mimba.

Sasa kigoda kile kimeingia ufa. Mwalimu alijitolea kukitia gundi na skrubu, lakini mzee alikataa katakata. Alisema kiti hicho kina umri wake kama mtu.

Mwanawe akaona atafute gogo achonge kingine cha kukaliwa kila siku. Alizunguka sana. Miti minene ya karibu ilikwisha kuwa makaa na nguzo za ua. Ndipo akanunua mbao Kitengela, akaunganisha kwa misumari, akampelekea mzee kwa aibu. Mzee alikitazama, hakusema neno.

Jumapili iliyofuata karani alipofika nyumbani, alikikuta kile cha jadi kimewekwa ndani, kando ya kitanda, palipo salama. Mzee alikuwa uani akinywa chai juu ya kile kinachoyumba, jiwe likiwa chini ya mguu mfupi.

Hakuna aliyecheka tena. Dereva wa lori alikiinua kigoda kile, akakipitisha kwa mwenzake, kila mmoja akakishika kwa mikono miwili.

Baadaye nilikwenda kumwamkia mzee. Ukienda na watoto, wafundishe mapema kuinamisha kichwa ili mzee awaguse utosini. Ndiyo heshima ya huku. Kigoda kilikuwa kimerudishwa, naye amekikalia. Nilimwuliza kwa nini asiikate ile miguu mingine mitatu ilingane na ule mfupi.

"Mwanangu," akanijibu, "kijana amefanya sehemu yake. Mawe si yapo?"

Waswahili husema chema chajiuza. Kisaju nimeona vyema ambavyo haviuzwi kabisa. Basi ukienda, msomaji, kagua, sifu, hata cheka ukipenda. Watoto wakitaka kujaribu randa, waache wajaribu. Lakini ukikiona kigoda chenye jiwe chini ya mguu, tafadhali usiulize bei.