Fyuzi ni Mlinzi



Mimi ni bwana shamba. Nimezoea kuzungumza nawe juu ya mbegu, mbolea na wadudu. Leo nitazungumza juu ya nyaya za gari. Huenda wewe huna gari. Soma hata hivyo. Mwishoni utaona kwamba jambo hili linaweza kuwapo nyumbani kwako.

Gari letu la kazi lilikuwa Land Rover ya zamani, Series III ya dizeli. Magari ya aina hiyo yalitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Ni magari magumu. Hupita kwenye matope na mawe. Lakini gari letu lilikuwa limepita mikononi mwa mafundi wengi. Mmoja aliongeza redio. Mwingine aliongeza taa ya nyuma. Mwingine aliziwekea taa za mbele fyuzi yake. Kila mmoja alipitisha waya alipoona pana nafasi. Chini ya dashibodi nyaya zilisongamana kama kiota cha ndege.

Mwaka 2019, masika yalipoanza, fyuzi ya taa za mbele iliungua. Niliweka mpya, ikaungua. Niliweka nyingine, nayo ikaungua siku ya tatu. Dukani fyuzi zikawa zimekwisha. Basi nikachukua karatasi ya kung'aa iliyomo ndani ya pakiti ya sigara. Niliikunja mara nyingi, nikaizungushia ile fyuzi iliyoungua, nikairudisha mahali pake. Taa ziliwaka. Nilijiona fundi.

Usiku mmoja wa Aprili niligongewa mlango. Mama mmoja alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu asubuhi. Mkunga alisema apelekwe hospitali upesi. Hospitali ilikuwa umbali wa kilomita 30. Tulimlaza mama nyuma ya gari pamoja na mkunga, mume wake na kijana mmoja jirani. Tukaondoka.

Tulipopita nusu ya njia, gari liliingia shimoni kwa kishindo. Taa zilizimika. Moshi ulitoka chini ya dashibodi, kisha nikaona moto. Nilizima injini, nikachomoa waya wa betri. Yule kijana alizima moto kwa blanketi. Mume na mkunga walikuwa wamekwisha kumteremsha mama, wamemlaza kando ya barabara kwenye majani mabichi.

Injini ya dizeli ya zamani ikishawaka haihitaji umeme. Tulikuwa kwenye mteremko. Tulimrudisha mama garini, tukalisukuma gari, likawaka. Lakini taa hatukuwa nazo. Kijana alitangulia kwa miguu na tochi, nami nikamfuata polepole. Kilomita 14 zilizobaki zilituchukua zaidi ya saa tatu. Mwanzoni mama alikuwa akilia. Baadaye alinyamaza. Kunyamaza kwake kulinitisha zaidi.

Tulifika alfajiri. Mama alifanyiwa upasuaji. Yeye na mtoto walipona. Baada ya wiki mbili wazee wa kijiji walikuja kunishukuru. Waliniletea jogoo. Walisema, "Bwana Shamba, umeokoa watu wawili." Nilimpokea yule jogoo. Sikuwaambia habari ya karatasi ya sigara. Leo nawaambia.

Gari lilivutwa mpaka kwa fundi umeme wa magari. Alinionyesha tundu la bati ambamo waya wa taa ulipita. Kipira cha kuzuia bati lisikwaruze waya kilikuwa kimeanguka zamani. Bati lilikuwa limekula ganda la waya mpaka shaba ikaonekana. Gari likitikisika, shaba iligusa bati. Umeme ulipita hapo kwa wingi bila kufika kwenye taa. Fundi akasema, "Bwana Shamba, fyuzi hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinakupigia kelele. Wewe ukamfunga mlinzi macho."

Nilielewa upesi, kwa sababu nafundisha kilimo cha umwagiliaji. Waya ni kama mfereji. Mfereji mdogo ukipelekewa maji mengi, kingo hubomoka. Waya mwembamba ukipelekewa umeme mwingi, huwaka moto. Fyuzi ni sehemu dhaifu iliyowekwa kwa makusudi. Inakatika yenyewe ili waya upone. Karatasi yangu nene haikukatika, basi waya ukaungua.

Tuling'oa nyaya zote, tukaanza upya. Kazi ilichukua siku tano. Nilikuwa msaidizi wa fundi. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, hesabu kabla ya kununua. Chukua wati za taa, ugawe kwa volti za betri. Jibu ni ampea. Taa mbili za wati 60 ni wati 120. Betri yetu ni ya volti 12. Gawa 120 kwa 12, unapata ampea 10. Hapo tuliweka fyuzi ya ampea 15, na waya unaobeba zaidi ya 15. Fyuzi iwe kubwa kidogo kuliko mzigo, lakini iwe ndogo kuliko uwezo wa waya.

Pili, fuata rangi. Magari haya yana rangi za Kiingereza za tangu zamani. Waya mweusi ni wa kurudisha umeme kwenye mwili wa gari. Wa kahawia unatoka kwenye betri moja kwa moja. Wa bluu ni wa taa kubwa za mbele. Mwekundu ni wa taa ndogo. Sisi tulirudishia rangi hizo hizo. Kila waya tuliuwekea namba mwanzo na mwisho, tukachora ramani kwenye daftari. Fundi mwingine akija, hatakisia.

Tatu, panga kwa mistari, kama mahindi. Tulifunga nyaya pamoja, mbali na bomba la moshi. Kila tundu la bati tuliliwekea kipira kipya.

Nne, angalia njia ya kurudi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, bali fremu ya chini ni ya chuma. Zinapokutana na unyevu huliwa na kutu, na taa hufifia. Tulizipa taa waya wake mweusi hadi kwenye fremu. Tulikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, tukakaza bolti, tukapaka grisi.

Tano, weka fyuzi kubwa karibu na betri. Fyuzi nyingine zikae pamoja, mahali panapoonekana. Andika kila moja ni ya nini, na weka za akiba kando yake.

Sasa, msomaji usiye na gari, nageukia kwako. Je, una paneli ya sola na betri juu ya paa au kando ya kitanda? Betri hiyo mara nyingi nayo ni ya volti 12. Inaweza kuwasha moto kama ile ya gari langu. Je, fyuzi yake ipo? Au kuna kipande cha waya mahali pake? Nenda ukatazame leo, kabla giza halijaingia.

Mtoto yule sasa anasoma shule ya msingi. Nikipita kijijini hunikimbilia na kuniamkia. Namwitikia, halafu nakumbuka ile tochi ikitangulia gizani.

Fyuzi ikiungua, usiulize utaweka nini badala yake. Uliza kwanza kwa nini imeungua.