Bei Ni Tarishi

Watu wengi hudhani kwamba elimu ya uchumi ni ya mabwana wa benki tu. Lakini mkulima apimaye debe la mahindi sokoni Kitale amekwisha kuingia darasa la kwanza la elimu hiyo. Na karani apokeaye mshahara wake yumo humo humo: shilingi iliyonunua bati haiwezi kulipa karo ya mtoto, na kile alichokiacha ndicho gharama ya kweli ya kile alichokichagua.

Somo kubwa ni bei. Mvua ikikosekana Machakos na Kitui, mahindi huadimika na bei hupanda. Mnunuzi hulalamika, naye ana haki, maana watoto wake wanataka kula. Walakini bei ile ni tarishi: humpasha mwenye ghala la Trans Nzoia habari kwamba mahindi yanatakiwa kwingine, na mwenye lori hupata sababu ya kulipa petroli na kusafiri. Wakifika wengi, bei hushuka tena.

Tarishi huyo aliwahi kufungiwa njia. Kwa miaka mingi, tangu Vita Kuu ya Pili, Serikali ilipanga bei ya mahindi Kenya, na kuyahamisha toka wilaya hata wilaya kulitaka kibali. Nia ilikuwa kuwalinda mkulima na mlaji. Lakini kibali kilipokosekana, ghala ziliweza kujaa huku na sufuria kuwa tupu kule, na tofauti ya bei ikawa riziki ya wenye magendo na wala rushwa. Vizuizi hivyo viliondolewa mwishoni mwa mwaka 1993.

Somo jingine ni kugawana kazi. Adam Smith, mwanachuoni wa Scotland, aliandika mwaka 1776 kwamba watu 10, kila mmoja akishika sehemu yake, waliweza kutengeneza pini 48,000 kwa siku. Mtu peke yake asingefikisha 20. Vivyo hivyo mkulima hana haja ya kujifumia nguo: hulima, huuza, kisha hununua.

Je, soko halina kasoro? Linayo. Asiye na fedha hasikiwi sokoni, ijapokuwa ana njaa. Hapo ndipo akiba ya Serikali na mkono wa jirani hutakiwa. Basi yafaa kila mkulima aandike gharama zake na bei za kila mwezi, apate kumsikia tarishi mapema. Mali bila daftari huisha bila habari.