Zinki na nguvu ya mwili: tuamini nini?



Wengi wetu twajua zinki kama madini ya kuchimbwa. Kule Kipushi, karibu na Lubumbashi, mgodi ulifungwa mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Lakini siku hizi jina hilo twalisikia pia sokoni na katika farmasi. Mwuzaji ainua chupa ya vidonge na kusema: «Zinki hii yaongeza nguvu ya mwili. Ukiimeza kila siku, ugonjwa haukupati.» Tangu Corona ilipofika mwaka 2020, maneno hayo yamezidi. Nyumbani kwetu pia tuliulizana: je, tupunguze franka za maharagi na samaki, tununue chupa ile? Basi tulitafuta majibu ya waganga waliopima jambo hilo, nasi twawapa hapa tuliyoyapata.

Kwanza tukubali lililo kweli. Mwili wahitaji zinki, ijapokuwa kidogo sana. Pasipo zinki, chembe za damu zinazopigana na vijidudu hudhoofika. Miaka ya 1960 mganga Ananda Prasad, aliyefanya kazi Iran na kisha Misri, alionyesha ya kuwa vijana waliokosa zinki katika chakula walibaki wafupi, nao walikua walipopewa.

Lakini kuhitaji kitu si sawa na kuhitaji kingi. Motokaa bila mafuta haiendi. Lakini tangi likishajaa, ukizidi kumimina, motokaa haikimbii zaidi, mafuta yamwagika chini tu.

Je, dawa hupimwa namna gani? Waganga hugawa watu mafungu mawili kwa kura. Fungu moja hupewa dawa, la pili hupewa kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani. Mgonjwa hajui alichopewa. Mwishoni huhesabu. Kwa nini taabu hiyo yote? Kwa sababu mafua huisha yenyewe. Jirani akisema, «Nilimeza zinki, nikapona», hasemi uwongo. Lakini hawezi kujua kama angepona vilevile bila zinki.

Sasa tutazame hesabu. Kwa watoto wanaohara, zinki yafaa. Mwaka 2004 Shirika la Afya la Ulimwengu na UNICEF walishauri wapewe zinki siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya dawa ya chumvi na sukari. Mwaka 2016 wataalamu walikusanya majaribio 33 ya watoto zaidi ya 10.000. Waliona ya kuwa kwa watoto waliopita miezi 6, kuhara kulipungua kwa nusu siku hivi, na kwa wenye utapiamlo kwa siku moja hivi. Siku moja ni kitu kikubwa kwa mtoto aliyekonda. Tena jaribio la watoto 4.500 katika India na Tanzania, lililotangazwa mwaka 2020, lilionyesha ya kuwa miligramu 5 au 10 zilitosha kama 20, na watoto walitapika kidogo zaidi walipopewa 20. Hata hapo, kingi hakikushinda kidogo.

Je, kuzuia magonjwa kwa watoto wazima? Katika kisiwa cha Pemba, watoto zaidi ya 42.000 waliingia katika jaribio lililotangazwa mwaka 2007. Waliopewa zinki kila siku walikufa wachache kidogo kuliko wengine, lakini tofauti ilikuwa ndogo hata ingeweza kuwa ya bahati tu.

Na mafua? Mwaka 2024 wataalamu walipima majaribio 34 ya watu zaidi ya 8.500. Kuzuia mafua, zinki huenda haisaidii, au yasaidia kidogo mno. Kufupisha mafua, labda kwa siku mbili hivi. Lakini wenyewe wasema ushahidi huo ni dhaifu. Kwa Corona, jaribio la wagonjwa 214 huko Marekani, lililotangazwa mwaka 2021, lilisimamishwa mapema kwa kuwa zinki nyingi haikuonyesha faida.

Tena zinki ikizidi yadhuru. Huleta kichefuchefu, na ikiendelea muda mrefu huuzuia mwili kupokea shaba, nayo shaba ni ya lazima kwa damu. Kwa mtu mzima, wataalamu wa Marekani waliweka mpaka wa miligramu 40 kwa siku.

Basi, ndugu, mtu akikusifia chupa, umwulize hivi: Yaponya ugonjwa gani hasa? Ilipimwa kwa watu wangapi, wa umri gani? Walilinganishwa na nani? Kwa kipimo gani? Nawe mama, mtoto akihara, usingoje: mpeleke dispensari, umpe maji ya dawa, na zinki kwa kipimo utakachoambiwa pale. Kwa wengine walio wazima, zinki imo katika nyama, ndagala, karanga na maharagi. Sisi tuliamua hivyo nyumbani: franka zile zilibaki kwa chakula. Kuuliza hakugharimu kitu, na mwenye dawa ya kweli hatakasirika akiulizwa.