Siagi ya Sokoni, Mtindi wa Nyumbani

Ukiingia nyumba ya mkulima kwenye mashamba ya jadi ya Muckross, karibu na mji wa Killarney kusini-magharibi mwa Ireland, macho yanakwenda moja kwa moja mekoni. Maisha ya kijijini yamehifadhiwa hapa kama yalivyokuwa miaka ya 1930, kabla umeme haujafika. Moto hauwashwi kwa kuni, bali kwa udongo mweusi wa kinamasi, uliokatwa vipande kama matofali na kukaushwa. Moshi wake una harufu nzito inayoganda kwenye nguo.

Mama mmoja mwenye aproni alikuwa akioka mkate. Alichanganya unga wa ngano, chumvi, soda na mtindi, akaukanda kidogo tu, akauchora msalaba kwa kisu. Akautia katika sufuria zito la chuma, akafunika, kisha akapalia makaa juu ya mfuniko. Mkate uliiva vizuri: ukoko mgumu, ndani laini, na uchachu wa mtindi kwa mbali.

Pembeni palikuwa na pipa la kusukia maziwa, na mchi wake mrefu. Zamani, mgeni akikuta maziwa yanasukwa alisema, "Mungu aibariki kazi," kisha akashika mchi japo kidogo. Akiondoka bila kusaidia, iliaminika baraka ya siagi imeondoka naye.

Siagi yenyewe, hata hivyo, maskini wengi hawakuila. Katika karne ya 18 na ya 19 ilitiwa chumvi, ikashindiliwa katika vipipa na kupelekwa kwenye soko kubwa la siagi la Cork, ili kodi ya shamba ilipwe. Nyumbani ulibaki mtindi, wa kuteremshia viazi mviringo. Kibarua mwanamume aliweza kumaliza kilo 5 za viazi kwa siku. Viazi vilichemshwa na maganda yake, vikamwagwa kwenye kikapu kipana ili vichuje maji, kikapu kikawekwa juu ya chungu, na familia nzima ikakizunguka. Hapakuwa na sahani. Kila mtu alimenya chake kwa ukucha, akakichovya kwenye maji ya chumvi, akashushia funda la mtindi. Mpita njia aliyebisha hodi alisogezewa kigoda, akala nao.

Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu ulivamia viazi, na njaa ikafuata. Katika miaka michache iliyofuata watu kama milioni 1 walikufa, na wengine zaidi ya milioni 1 wakaihama nchi. Wakati huohuo meli ziliendelea kutoka bandari za Ireland zikiwa na nafaka, mifugo na siagi. Anayetaka kuielewa njaa ile aanzie hapa, penye pipa la maziwa. Watu hawa walijua kulima, kuoka na kukirimu. Walinyimwa haki ya kula jasho lao wenyewe.