Malaba, Mji wa Subira

Lori litokalo bandari ya Mombasa kwenda Uganda hupita mizani ya Mariakani, kisha Mlolongo, mji uliopata jina lake kwa foleni za malori, kisha Gilgil na Webuye. Baada ya zaidi ya kilomita 900 hufika Malaba, na hapo mwendo hugeuka kuwa subira.

Tulipowatembelea jamaa zetu madereva mpakani, tuliona mikeka imetandikwa kivulini mwa matela na chai ikichemka juu ya majiko madogo. Siku hizi maofisa wa Kenya na Uganda hukaa pamoja, na ukaguzi hufanyika upande wa nchi anayoiingia msafiri. Hata hivyo, hati moja ikikosekana, lori husimama, na dereva hawezi kuliacha. Shehena ni amana shingoni mwake.

Mwaka 2020, wakati wa Korona, wengi walingoja matokeo ya vipimo kwa siku kadhaa, wakilala ndani ya malori, huku watu wakiwaogopa. Lakini ni wao waliozidi kuzifikishia bidhaa nchi zisizo na bahari.

Basi sisi tulio nyumbani tuelewe kwamba anayesema "niko Malaba" hajafika. Yumo kazini, ijapokuwa magurudumu hayazunguki. Tumuulize kwanza kama amekula na kama amelala. Na kabla ya kumwomba matumizi, tumwombee salama.