Mtihani wa miradi umenirudisha kwenye maharage yetu ya vuli

Baadhi yenu mmenikuta jioni pale Benaco nimeinamia daftari, mkauliza kama bwana shamba amerudi shule. Najiandaa na mtihani wa PMP, cheti cha usimamizi wa miradi kinachotolewa na taasisi ya PMI ya Marekani. Ni maswali 180, na hakuna Kiswahili humo.

Nilidhani hesabu ndizo zitanishinda. Kumbe ni maharage.

Kuna somo la kupanga kazi. Unaandika kila kazi, siku zake, na ipi inasubiri ipi. Mlolongo mrefu kuliko yote ndio unaoamua siku ya kumaliza. Kazi ya kwenye mlolongo huo ikichelewa siku moja, mradi wote umechelewa siku moja. Nyingine zinaweza kusubiri kidogo bila madhara.

Kwa zoezi nilichora mauzo yetu ya pamoja ya vuli, yale yaliyotutia aibu. Mnakumbuka: tulimwahidi mnunuzi magunia 40. Mimi wiki nzima nilipiga simu za mifuko na gari, kazi ambazo zingeweza kusubiri. Kukausha nikakuandikia siku tatu, Januari hiyo yenye mawingu! Fuso ilipofika, magunia ya kaya mbili yalikuwa mabichi. Mnunuzi akashusha bei ya mzigo wote. Mama mmoja alikuwa amehesabia fedha hizo mahitaji ya mtoto wa kidato cha kwanza. Aliuza mbuzi.

Kosa la tarehe lilikuwa langu, na kwenye kikao niliwaacha wale wawili walaumiwe.

Maswali ya mazoezi yananiumbua papo hapo. Mtu amechelewesha kazi, msimamizi afanye nini kwanza? Mimi mkono unakimbilia "mwelekeze" au "toa taarifa kwa mkubwa". Mara nyingi jibu ni kujua kwanza kilichomkwamisha. Nimekosa maswali ya aina hiyo mengi kuliko ya hesabu. (Kazi yetu ya ugani imetuzoesha kuelekeza.)

Basi wiki iliyopita nikaenda kuwauliza wale wawili, nimechelewa miezi mingi. Hawakuwa na turubai. Walianika chini, usiku udongo ukarudisha unyevu.

Msimu huu tarehe ya gari tutaipanga baada ya kupima, si kabla. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia punje na chumvi kavu, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Isipoganda, funga gunia.

Mtihani wangu bado. Kabla ya kuvuna, kila kaya iniambie ina turubai ngapi, na mwenye la ziada aseme anaweza kumwazima nani.